Karo ni 8,500. Na zile zingine?

Shule zimefunguliwa, na kama kawaida ya Januari, ukitembea kutoka Funyula hadi Nangina kila mlingoti wa stima umevaa bango la akademi. Yote yanafanana. Mtoto anacheka akiwa na kofia ya mahafali, nyuma yake basi la manjano, juu neno la Mungu, halafu chini namba kubwa nyekundu. Karo 7,000. Karo 8,500. Karo 9,000, chakula kipo. (Kipo, ndiyo. Hawajasema nani analipia.)

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo namba nyekundu. Wengi wenu mnaonisoma mlisomeshwa kwa hiyo namba, na wengine tayari mna watoto, msijifiche. Mimi mwaka jana niliketi na dadangu tukapiga hesabu ya muhula mmoja mzima, shilingi kwa shilingi, na tangu siku hiyo nikiona bango la shule nacheka peke yangu barabarani kama mtu amechanganyikiwa.

Kabla walimu hawajanijia kwa maoni: siko hapa kuponda shule za kibinafsi. Kuna watoto hapa kijijini walijulia kusoma kwenye vile vyumba vya mabati, na mwalimu anayelipwa kidogo mno aliwajua mmoja mmoja kwa jina. Hiyo si kitu kidogo. Nasema tu habari ya bei.

Dadangu anauza omena. Anazitoa Sio Port, anaziuza soko la Funyula, siku nyingine anafika nazo hadi Busia. Shemeji ni utingo wa malori ya masafa, haya yanayotoka Mombasa kupitia Malaba hadi Kampala. Safari ikiwepo pesa inakuja, safari isipokuwepo inakuja simu ya kusema "vumilieni kidogo." Wana watoto wawili. Msichana ndiye kifungua mimba, na amesoma shule ya umma tangu mwanzo. Ni wa lile darasa la kwanza la CBC, wale waliofanyiwa kila jaribio. Mdogo wake ni mvulana, na alipofika umri wa kuanza, dada alisema huyu ajaribu akademi.

Najua unachofikiria. Kwa sababu ni mvulana, si ndiyo? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alikasirika, akaniambia msichana alipoanza hakukuwa na pesa, huyu alipoanza ilikuwepo kidogo. Nilimwamini nusu.

Sasa bango lilisema 8,500 kwa muhula, na hiyo ndiyo pesa dada alijipangia. Kabla kijana hajakalia dawati akaambiwa alipe 500 ya intavyu. Intavyu ya mtoto wa miaka minne! Sijui waliuliza uzoefu wa kazi. Halafu 1,500 ya kujiunga. Halafu sweta yenye nembo ya shule, inapatikana duka moja tu, 1,600, na ukienda sokoni Busia sweta ya rangi ile ile bila nembo ni chini ya nusu ya hiyo bei. Traksuti ya Jumatano. Fulana ya Ijumaa. Soksi zenye mistari miwili, ukileta wa mstari mmoja mtoto anasimamishwa kando. Hizi zote tuziweke pembeni kwa sababu ni za mara moja, ingawa mtoto anakua na sweta haikui.

Tuhesabu za kila muhula peke yake. Huu ni Muhula wa Kwanza 2025, kijana akiwa Gredi ya 3.

Basi la shule, 4,500. Chakula cha mchana na uji wa saa nne, 4,200. Simama hapo kwanza. Vitu viwili tu, mtoto afike na mtoto asishinde njaa, na tayari ni 8,700, yaani vimeshapita karo yenyewe. Tukaendelea. Tuisheni ya Jumamosi, 1,200. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo, kwa hivyo naona mtu alikaa akafikiria, akagundua Jumamosi si likizo. Kompyuta, 1,000, nilimuuliza kijana wamefundishwa nini, akaniambia wamejifunza kuzima. Mitihani mitatu, wa kufungua, wa katikati na wa kufunga, kila mmoja 300. Ziara ya Kisumu, 1,800. Dayari 300, rim ya karatasi 650, tishu na sabuni 400. Siku ya vipaji, fulana na picha, 700. Na vile vitu vya mtaala vinavyokumbukwa saa mbili usiku na vinatakiwa kesho asubuhi: manila, gundi, picha za rangi za wanyama watano kutoka saiba. Hivyo tulikadiria 650, na dada akasema nimewahurumia.

Jumla ya nyongeza: 16,300. Weka na karo, muhula mmoja ni 24,800.

Mimi si mtu wa hesabu sana, lakini hii niliirudia mara tatu kwa simu. Muhula ulikuwa wa wiki 13, kwa hivyo ni karibu 1,900 kila wiki. Sasa dada siku nzuri anapata faida ya shilingi 50 kwa gorogoro moja ya omena. Gawanya. Ni gorogoro 496. Kwa mtoto mmoja, muhula mmoja, na sijahesabu sweta.

Kilichonishangaza si ukubwa wa pesa. Ni kwamba dada mwenyewe hakuwa anajua. Alikuwa amelipa yote, kila senti, na hakuwa anajua. Alidhani analipa "kama elfu kumi na mbili, kumi na tatu hivi." Na si kwamba hajui kuhesabu; huyu ni mama anayeweza kukuambia gunia la omena litapungua kilo ngapi likipigwa na jua siku mbili. Ni kwa sababu ile pesa haikuja siku moja. Ilikuja 300 leo, 650 wiki ijayo, 1,800 mwisho wa mwezi. Ukiambiwa 24,800 siku ya kwanza unakaa chini, unampigia mumeo, unauliza maswali. Ukiambiwa 300, unatoa 300. Zikikosekana, Fuliza ipo. Tulifungua jumbe zake za M-Pesa tukakuta siku nyingine ada ya Fuliza ilikuwa inakatwa kwa ajili ya pesa ya tishu.

Halafu kuna jambo moja ambalo nikilifikiria ndilo linanichoma zaidi. Shule haimdai mzazi. Inamdai mtoto, halafu mtoto anamdai mzazi. Mwenye duka akikuongezea bei mnabishana, unatoka, unaenda duka lingine. Hapa anayekuletea bei ni mtoto wako wa miaka minane, amesimama mlangoni na dayari, anakuambia kesho wasio na mia tatu watasimama mbele gwaride likiisha. Utabishana na nani? Utamwambia nini? Dada alikuwa anaweza kukaa siku mbili bila kununua dawa yake ya mgongo lakini ile mia tatu ya mtihani haikuwahi kukosa. Na shule inajua. Simaanishi kuna mtu ameketi ofisini anapanga uovu. Namaanisha imezoeleka kwamba ukitaka pesa ilipwe haraka, mtume mtoto.

Niliongea na mkurugenzi mmoja wa akademi ndogo upande wa Matayos, si ile ya mpwa wangu, na sitataja jina kwa sababu alinikaribisha chai. Nilimuuliza moja kwa moja: mzee, kwa nini msiandike bei kamili kwenye bango? Alinicheka kwa upole. Akasema, kijana, mimi nikiandika 24,000 na yule wa ng'ambo ya barabara ameandika 8,500, mzazi ataenda wapi? Na wote tunalipisha sawa. Akaniambia serikali haimpi hata chaki. Hilo ni kweli: ile pesa ya serikali ya kila mwanafunzi, 1,420 kwa mwaka kwa wa shule ya msingi, inaenda shule za umma pekee. Yeye mishahara, kodi ya ploti, mafuta ya basi, vyote vinatoka kwa wazazi. "Karo ni ya kukuleta mlangoni," akasema. Nilimheshimu kwa ule ukweli, na bado nikafikiri: basi semeni huo ukweli kwa mzazi pia, msiniambie mimi tu nikinywa chai.

Tena hebu tuangalie hiyo 1,420. Ni kwa mwaka mzima, mihula mitatu. Muhula mmoja ni kama 470. Ndiyo maana sikubali mtu akisema wazazi wa akademi ni watu wa kujionyesha. Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka shuleni. Ilikuwa jambo kubwa na zuri. Mamangu hadi leo akilizungumzia anainua mikono. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ile, walimu pia hawakuongezeka, na wazazi waliokuwa na kitu kidogo mfukoni wakaanza kuhama. Hapo ndipo akademi zilipoota kila kona. Dada hakuhama kwa sababu ya basi la manjano. Alihama kwa sababu msichana wake alikuwa kwenye darasa la watoto sabini na kitu, na mwalimu, maskini, alikuwa anasahihisha vitabu vya safu ya mbele tu.

Na kitu vijana wengi hapa hawajui ni kwamba hii Busia yetu ilishawahi kuwa kortini kwa mambo ya shule za bei nafuu. Mnakumbuka Bridge? Zile shule za mabati zilizofanana zote, mwalimu anasoma somo kwa tableti. Walianza 2009 Mukuru, Nairobi, wakaenea hadi huku kwetu, na nyuma yao kulikuwa na pesa nzito, hadi Mark Zuckerberg aliwekeza. Hadithi yao duniani ilikuwa ni kwamba mtoto maskini anasoma kwa dola 6 tu kwa mwezi. Mwaka 2015 mkuu wa Benki ya Dunia wakati huo, Jim Yong Kim, aliwasifu kwenye hotuba. Mwezi uliofuata mashirika zaidi ya 100, yakiwemo ya Kenya na Uganda, yakatoa taarifa kumjibu, yakasema ukijumlisha kila kitu mzazi analipa kati ya dola 9 na 13 kwa mwezi, na ukiweka chakula inafika 20.

Soma tena hizo namba. Dola 6 kwenye bango, 20 kwa mzazi. Ni zaidi ya mara tatu. Ya dadangu ni 8,500 kwenye bango na 24,800 kwa mzazi, karibu mara tatu. Kampuni iliyofadhiliwa na matajiri wa Marekani na mzee wa ploti ya mabati Samia, wote wawili wamefikia hesabu ile ile bila kukutana.

Basi Februari 2017, Mahakama Kuu hapa Busia ilikubaliana na Bodi ya Elimu ya Kaunti kwamba shule 10 za Bridge kwenye kaunti hii zifungwe. Miezi michache kabla, Novemba 2016, Mahakama Kuu ya Kampala ilikuwa imeiruhusu serikali ya Uganda kufunga 63. Lakini msinielewe vibaya. Kesi hazikuwa za nyongeza za karo. Ilikuwa ni mambo ya viwango, usajili, na walimu wasiohitimu. Kuhusu bei, hakuna korti iliyosema kitu, na ndiyo maana bango bado linaning'inia.

Maana hapa sheria imegawanyika vizuri sana kwa wenye pesa. Kwa shule ya umma, hiyo Sheria ya 2013 inasema huwezi kutoza karo ya masomo, na hata zile ada nyingine zikiruhusiwa, mtoto hawezi kufukuzwa kwa kutozilipa. Na kila malipo yapewe risiti rasmi. Ukiwa mzazi wa umma una kitu cha kushika mkononi, hata kama hukitumii. Ukivuka kwenda akademi unakuwa mteja. Umeingia mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Dada alipewa risiti kwa karo peke yake. Zile 16,300, karibu zote zilikuwa alama ya vema kwenye dayari.

Kuna watu wataniambia, si mvuke tu, Uganda ni bei poa. Wazazi wengi wa Busia wanafanya hivyo, asubuhi unaona watoto na yunifomu wamebebwa na boda wanaelekea ng'ambo. (Na neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, baiskeli zikivusha watu kutoka boda hadi boda. Tunalipa nauli kwa neno letu wenyewe.) Ni kweli, karo ukiigeuza kwa shilingi za Kenya inaonekana tamu. Lakini muulize aliyewahi kupeleka mtoto bweni huko kuhusu ile orodha ya mahitaji. Rim za karatasi, mafagio, karatasi za choo kwa dazeni, sukari, sabuni. Uganda walianza elimu ya msingi ya bure 1997, miaka sita kabla yetu, na orodha yao imekomaa miaka sita kabla yetu pia.

Na huku umma kwenyewe si bure bure. Nataka niwe mwaminifu, maana niliandika pia hesabu ya msichana. Kuna 200 ya mwalimu aliyeajiriwa na bodi, kuna mtihani, kuna rim (hizi rim, nani anazila?), kuna mahindi na maharagwe ya chakula. Muhula mmoja ilifika 2,900. Msichana anatembea kwa miguu, kwa hivyo basi halimo. Kwa hivyo mtoto mmoja 24,800, mwingine 2,900, nyumba moja, sahani moja ya ugali.

Hapo ndipo tulipofika mimi na dada usiku ule, na yeye akanyamaza. Kwa sababu zile pesa ndogo ndogo hazikuwa zinatoka hewani. Zilikuwa zinatoka mahali. Kitabu cha marudio cha msichana ambacho kilisubiri muhula mzima, sasa tukaona kilienda wapi. Kilienda Kisumu kuona simba. Viatu vyake, miezi miwili vikishonwa na fundi pale sokoni, vilikuwa fulana ya siku ya vipaji. Hakuna aliyekaa akaamua msichana akose. Hakuna aliyesema. Kama mara moja mtu angemuuliza dada, "Unataka kumpa huyu 24,800 na huyu 2,900?" angemfukuza nyumbani. Lakini hakuulizwa mara moja. Aliulizwa mara thelathini, kila mara pesa kidogo, na anayeuliza ni mtoto.

Zidisha kwa mihula mitatu. Akademi ya kutwa, ya mabati, yenye bango la 8,500, inakula 74,400 kwa mwaka. Shule za bweni za kitaifa, zile kubwa kabisa unazozisikia kwenye redio matokeo yakitoka, karo iliyotangazwa na serikali kwa mzazi ni 53,554 kwa mwaka. Nilimwonyesha dada. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia.

Na sasa hii Januari ndipo mambo yamekuja kukutana. Msichana alifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka jana, amefanya vizuri, ameitwa Gredi ya 10, bweni, kwenye lile kundi la shule ambazo karo yake ni 40,535 kwa mwaka. Shule ya kutwa ingekuwa bila karo, lakini iliyo karibu haina masomo anayotaka. Anataka sayansi, anataka siku moja arudi hapo hospitali ya misheni akiwa na koti jeupe. Shemeji amepiga simu ya "vumilieni" mara mbili tangu Krismasi.

Nilimwambia dada afanye jambo moja kabla ya kuamua. Aende akademi aombe bei yote ya mwaka, kila kitu, kwa karatasi moja. Si kwa ugomvi. Karatasi tu. Kama wangempa, hata kama ni kubwa, angalau angejua anakataa nini ama anakubali nini. Alienda Jumamosi, dada wa ofisi akamwambia mama rudi Jumatatu. Jumatatu akarudi. Kusema haki walimpa, imepigwa chapa, ina muhuri. Ina mistari kumi na moja. Mstari wa kumi na moja umeandikwa "na mengineyo," na mbele yake hakuna namba.

Aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa leso.

Kijana ameanza Gredi ya 4 shule ya umma wiki hii. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Alikuwa anasoma hadithi kwa sauti jikoni, Kiswahili na Kiingereza, na mwalimu wake wa akademi, yule anayelipwa mshahara wa aibu, alimpigia dada simu jioni kuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Huyo mwalimu hakuwa tatizo hata siku moja. Darasa alilokwenda sasa wako sitini na wanne, amehesabu mwenyewe. Kuna shangazi yetu amesema dada ameharibu maisha ya mtoto kwa sababu ya ubahili. Dada alimjibu kwa adabu, kisha akaniambia jikoni, "Huyu ana miaka sita kabla ya Gredi ya 10. Dadake ana wiki moja."

Mimi bado naona wangeweza kumbakisha kama lile bango lingekuwa na namba ya ukweli tangu 2021. Angepanga. Angeuza mbuzi mapema, angeingia chama cha elimu, ama angechagua akademi nyingine isiyo na basi, karibu na nyumba, na hizo 4,500 za muhula zingeanza kuwekwa upande wa msichana kutoka siku ile. Hata nimejaribu kuhesabu zingekuwa ngapi kufikia leo, miaka mitano, mihula kumi na tano. Ni 67,500. Ni karo ya bweni ya mwaka mzima na nyingine inabaki.

Kwa hivyo ukiwa mzazi kijana, ama una mdogo wako unayemlipia, fanya hivi kabla hujatoa hata senti ya intavyu. Uliza basi ni ngapi, chakula ni ngapi, mitihani ni mingapi, Jumamosi ni lazima ama hiari, sweta inanunuliwa wapi. Uliza mtoto asipolipa ile ya Jumamosi anafanywa nini. Andika, mwambie mtu wa ofisi aweke sahihi. Wengine watakataa. Hao ndio umeshapata jibu lao. Na kama wewe ni mwenye shule na umesoma hadi hapa, bango lina upande wa nyuma, na upande wa nyuma hauna kitu.

Msichana anaripoti Jumatatu. Barua yake ya kuitwa nayo ina orodha yake: godoro, sanduku la chuma, ndoo, jembe, mashuka mawili, kikokotoo cha aina fulani, rim mbili za karatasi. Jana usiku aliketi na kalamu akaigawa mwenyewe: hivi vya lazima, hivi vya kuazima, hivi vya kusema vimebaki nyumbani vitaletwa. Jembe liko. Ndoo iko. Godoro nyanya ametoa lake. Kikokotoo nimetafuta mimi. Rim mbili bado, na gari linaondoka Busia saa kumi na mbili asubuhi. Kama uko Funyula ama Nangina na una rim hata moja imekaa tu kwenye saiba yako, nitumie ujumbe, nakuja na boda kuichukua leo jioni.